Mume Asiyekuwepo

"Dada Restuta, acha vitunguu hivyo, njoo umwone injinia wangu."

Sauti ya Adelina ilimtangulia kwenye korido ya mawe. Restuta akaweka kisu chini, akajifuta machozi ya vitunguu kwa mgongo wa mkono, akamtazama rafiki yake Lata, aliyekuwa anaosha mchele kwenye sinki pana kama beseni la kuogea.

"Nenda," Lata alisema. "Mwaka mzima tunasimuliwa injinia, injinia. Mimi nilishaanza kuamini hayupo."

Walikuwa wamefika mchana huo kutoka London, kundi la marafiki waliozoeana kama ndugu. Adelina ndiye aliyeliona jumba lile mtandaoni: jumba la kale la matofali mekundu huko Suffolk, katikati ya mashamba ya ngano, lililojengwa na tajiri mmoja enzi za mabwana waliovaa nywele za bandia. Wajukuu zake sasa wanalikodisha kwa watu wa mapumziko. Wakachanga, wakalichukua kwa weekend ndefu ya mwisho wa Agosti. Rajab, ambaye siku zote anaendesha mabasi ya abiria London, akaendesha basi dogo la kukodi huku mkewe Mwanamwema akimwonyesha njia na yeye akizidi kupotea. Lata na mumewe Suresh walitoka Harrow. Restuta alitoka Edmonton na begi moja na sufuria lake la pilau, maana hakuamini masufuria ya watu.

Tangu waingie, Rajab alikuwa anavuta kamba za kengele vyumbani, zile ambazo mabwana walikuwa wakiwaitia watumishi, na kila kengele ikilia jikoni Lata alipaza sauti, "Njoo uchukue mwenyewe, bwana mkubwa."

Ilikuwa weekend ya furaha. Adelina alikuwa anamleta mchumba wake kumtambulisha kwao kabla ya harusi ya Oktoba. Mwanamume huyo alifanya kazi Aberdeen, kwenye mitambo ya mafuta, na Adelina hakuwa amemtaja jina wala kuonyesha picha. Aliyempa mimba miaka tisa iliyopita alimkimbia, na tangu hapo akawa anaogopa macho ya watu. "Mkimwona mtamwona," alikuwa akisema, anacheka.

Restuta akatoka jikoni na tabasamu lake la kumpokea mgeni. Ukumbini, chini ya ngazi pana na picha za wazee wenye mashavu mekundu, alisimama mwanamume mrefu, koti mkononi, ndevu zimeanza mvi.

Tabasamu likamgandia mdomoni.

"Justin, huyu ndiye yule dada niliyekwambia," Adelina alisema, amemshika mkono mchumba wake. "Nilifika London na mimba, sina mtu, ndiye akanipokea. Asimwe alizaliwa mikononi mwake. Kwa hiyo ujue unasalimiana na mkwe."

Justin hakutikisika. Alimtazama Restuta kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Habari za siku nyingi, Restuta."

"Nzuri," Restuta alijibu. Sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali.

"Kumbe mnafahamiana?" Adelina akauliza.

"Tulikuwa majirani," Restuta akawahi. "Mwanza. Zamani sana."

Adelina akamgeukia Justin.

"Ndiyo," Justin alisema taratibu. "Mwanza."

Restuta akarudi jikoni, akachukua kisu, akaendelea kukata vitunguu ambavyo alikuwa ameshavikata.

* * *

Hawakuwa majirani. Walikuwa wachumba.

Restuta alikuwa nesi kijana Mwanza, Justin fundi wa mitambo aliyetoka Songea akiwa na sanduku la bati na mama mmoja tu duniani. Walipendana miaka minne. Restuta alipopata nafasi ya kuja kufanya kazi Uingereza, Justin ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege, na makubaliano yalikuwa wazi: Restuta atangulie, ajipange, Justin afuate, wafunge ndoa hukohuko. Zilikuwa zama za kadi za simu, zile za kukwangua namba. Kila Jumapili Restuta alikwangua kadi, akasimama kwenye kibanda cha simu na baridi yake, wakazungumza mpaka sauti ya mama wa kadi iseme dakika zinakwisha.

Halafu Jumapili moja akapiga, akasema maneno ambayo alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo:

"Justin, usije. Nimeolewa huku. Nisamehe, na usinitafute."

Akakata. Hakukuwa na mume. Hakukuwa hata na mwanamume wa kumdhania. Lakini uongo ule ulisimama imara, ukakaa kati yao miaka yote hiyo kama ukuta.

* * *

Jioni walikula kwenye chumba kirefu chenye meza ambayo mtu wa huku hamsikii wa kule. Pilau la Restuta lilisifiwa, kachumbari ya Lata ikaisha kabla ya nyama, na Rajab akawa anaigiza namna bwana wa jumba alivyokuwa akila.

"Huyu alikuwa anakula kuku peke yake," alisema, anaonyesha picha ukutani. "Mtazame shingo."

Hata Suresh, mtu wa maneno machache, alicheka. Asimwe, binti wa Adelina, alikuwa amekaa karibu na Justin, anamsimulia kwa Kiingereza habari za bwawa aliloliona nyuma ya nyumba, na Justin alikuwa anamjibu kwa Kiswahili, na wote wawili walielewana bila shida.

Restuta alikuwa anaanza kupumua. Akajisemea, siku mbili tu, Jumatatu tunarudi, kila mtu na njia yake.

Justin akaweka uma chini.

"Restuta, mbona shemeji hukumleta?"

"Shemeji gani?" Rajab akauliza.

"Mumewe."

Lata akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Lata alizaliwa Mwanza, akakulia pale mpaka wazazi wake walipohamia Harrow, na kila alichokifikiri kilikuwa mdomoni kabla hajakimaliza.

"Restuta na mume? Kaka, umemchanganya na mwingine. Mimi nimemjua huyu tangu nilipoanza kazi duka la dawa la hospitali, yeye ana miezi michache London. Hajawahi kuolewa hata kwa bahati mbaya. Wanaume tumemletea, kawakataa wote. Muulize Suresh, tulimletea mpaka binamu wa mwenye nyumba wetu."

"Ni kweli," Suresh alisema. "Mtu mzuri tu."

Meza nzima ilicheka isipokuwa watu wawili, kisha watatu, maana Adelina aliacha kucheka alipouona uso wa mchumba wake.

"Samahani," Justin alisema. "Nimechanganya."

Restuta akainuka, akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

* * *

Asubuhi simu yake iliita mlio mfupi wa ujumbe. Namba hakuijua, ilikuwa imeongezwa jana tu kwenye kundi la WhatsApp la safari.

"Nipo bustani yenye ukuta, nyuma ya jikoni. Njoo uniambie. Justin."

Alimkuta amesimama kando ya mipeasi iliyofungwa ukutani kwa nyaya, matawi yamenyooshwa kushoto na kulia kama mikono ya mtu anayepekuliwa. Umande ulikuwa umemlowesha viatu. Ni wazi hakuwa amelala.

"Alikufa?" aliuliza, hata hakusalimia.

"Nani?"

"Mumeo."

"Hapana."

"Mliachana?"

"Justin, sikuwahi kuolewa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua lakini alikuwa anaomba lisiwe.

"Kulikuwa na mwanamume?"

"Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na hospitali."

Akamweleza. Alimweleza akiwa amesimama, mikono ndani ya mikono ya sweta, bila kulia, maana alishalia vya kutosha miaka hiyo. Maumivu ya tumbo aliyoyapuuza. Uvimbe. Upasuaji uliokuwa uwe mdogo, damu ikakataa kukatika, na daktari aliyekaa pembeni ya kitanda alipozinduka akamwambia kwamba ili aishi ilibidi waondoe kizazi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minane," alisema. "Nilikaa wodini nikifikiria kitu kimoja tu. Mama yako. Alikuwa na wewe peke yako. Kila nikimpigia ananiuliza, mjukuu wangu utamwita nani. Nikasema nikimwambia Justin ukweli, atakuja tu. Atakuja kwa huruma. Atakaa nami miaka mitano, kumi, halafu siku moja ataniangalia vibaya mezani. Nikaona bora unichukie mapema, ukiwa bado kijana."

"Uliniuliza?"

Restuta akatazama umande kwenye viatu vyake.

"Nakuuliza. Katika hayo yote, uliniuliza mimi?"

"Hapana."

"Nilimpigia dada yako Generosa, kule Bukoba. Akaniambia ni kweli umeolewa."

"Nilimwomba aseme hivyo. Hakujua sababu."

Justin alitembea hatua chache, akarudi.

"Unajua siku ulipopiga simu ile nilikuwa wapi? Dar. Nilikuwa nimechukua viza Ijumaa. Ilikuwa imeshagongwa, iko mfukoni mwa shati. Sikukwambia kwa sababu nilitaka nitokee tu mlangoni kwako. Nilikuwa nimenunua mpaka koti. Nilisikiliza maneno yako nikiwa nimeshika mfuko hivi."

Akashika kifua upande wa kushoto. Restuta akafumba macho.

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa umeshamaliza mambo peke yako."

Kutoka upande wa bwawa sauti ya Asimwe ikaita, "Dad, come and see," na Justin akageuka mara moja, sura yake yote ikabadilika, akampungia.

"Nakuja, mama. Nisubiri hapohapo, usisogelee maji."

Kisha akamgeukia Restuta, na ule upole ukawa haupo tena.

"Yule sijamzaa. Umeona anavyoniita? Nilimkuta ana miaka sita, haniamini, ananitazama kama mwizi. Leo hawezi kulala sijampigia. Unadhani kuna siku nimekaa nikajiuliza ana damu ya nani? Wewe uliamua mimi ni mwanamume wa namna gani bila kunijaribu."

"Nilikuwa na hofu."

"Na mama ulimwonea huruma, si ndiyo? Mama amefariki. Amekufa hana mjukuu. Kwa sababu baada yako nilikaa miaka mingi, sitaki kusikia mwanamke. Kwa hiyo hata kile ulichokuwa unamtunzia hakukipata."

Hapo ndipo Restuta alipoketi. Aliketi juu ya ukingo wa matofali, ukiwa umelowa, hakujali. Alikuwa ameyajenga maisha yake yote juu ya wazo moja, kwamba aliumia yeye ili wengine wasiumie. Wazo hilo lilikuwa limemlisha na kumvika. Sasa lilikuwa limeondolewa, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Nisamehe," alisema.

Justin alimtazama muda mrefu, na katika kutazama kule hasira yake ikaanza kupoteza nguvu, na kilichokuwa nyuma ya hasira kikaanza kuonekana. Restuta alikiona. Justin naye alijua kimeonekana.

"Usiseme kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Nina harusi Oktoba. Usiniambie neno lolote, Resti."

Akaondoka kuelekea bwawani.

* * *

Lata alikuwa anamsubiri jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Nimefanya nini mimi na mdomo wangu? Suresh hajaongea nami tangu jana. Huyo ndiye, siyo? Yule uliyekuwa unamlilia kwenye stoo ya dawa, ukaniambia ni mzio."

"Ndiye."

Lata akavuta kiti.

"Nisikilize. Adelina hajui, na hana haja ya kujua. Atakuja kukuuliza, maana si mjinga. Mwambie mlikuwa majirani, basi. Oktoba itafika, watafunga ndoa, mtoto atapata baba. Utaumia wewe, lakini wewe umezoea."

"Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, Lata."

"Vipi?"

"Niliwaamulia watu, nikasema ni upendo. Nilijiona mwema kweli. Nenda kamuulize Justin wema wangu ulimfanyia nini."

"Na ukisema ukweli ukavunja nyumba ya yule binti uliyemlea?"

Restuta alikunywa chai mpaka ikaisha, akasuuza kikombe, akapanda ngazi.

Adelina alikuwa chumbani, kile chenye kitanda cha nguzo nne na mapazia mazito, anakunja nguo za Asimwe. Alizikunja vizuri mno, kona kwa kona, kama mtu anayejizuia kufanya kitu kingine.

"Nimewaona kutoka dirishani," alisema bila kugeuka. "Hapa unaona bustani nzima. Sikusikia, ila niliona ulivyokaa chini. Mtu hakai chini namna ile kwa habari za ujirani."

"Adelina, mdogo wangu..."

"Mlikuwa nani?"

"Tulikuwa wachumba. Alikuwa aje huku anioe. Nikamdanganya kwamba nimeolewa."

Mikono ya Adelina ilisimama.

"Kwa nini?"

Restuta akamweleza, kwa ufupi zaidi kuliko bustanini, na Adelina, ambaye kila Krismasi alikuwa anamtania kwamba atamzalia mtoto wa pili amwachie, akajishika mdomo.

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Sikumwambia mtu."

Huko chini Rajab alivuta kamba, kengele ikalia, hakuna aliyemjibu.

"Nina swali moja, dada. Nijibu kama ulivyonijibu hayo mengine. Bado unampenda?"

Neno hapana lilikuwa tayari. Restuta alilisikia kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia. Lingemtuliza Adelina palepale. Wangeshuka pamoja, wakala chakula cha mchana.

"Ndiyo," alisema.

Adelina akaketi kitandani juu ya nguo alizokwisha kunja.

"Umeniambia hivyo ili nifanye nini?"

"Sijui. Sina ninachokiomba, na sitamfuata. Lakini umeuliza, na sitaki tena kuwachagulia watu cha kujua."

"Ungenidanganya tu," Adelina alisema, na sasa alikuwa analia. "Mimi ungenidanganya tu, dada. Ningekushukuru."

* * *

Adelina hakukaa mpaka Jumatatu. Alimwomba Rajab ampeleke stesheni yeye na binti yake mchana uleule. Justin akabeba mabegi mpaka kwenye basi, akafungua mlango ili naye apande, Adelina akamzuia kwa kiganja kifuani. Restuta alikuwa amesimama kwenye ngazi za mbele, alisikia kila neno.

"Baki," Adelina alimwambia. "Sina hasira na wewe. Nenda Aberdeen ukafikirie. Usije kwangu mpaka ujue unamjia nani. Nisije nikaolewa kwa sababu kadi zimeshachapwa."

"Adelina, mimi nina wewe."

"Jana ulikuwa na mimi. Leo hujui. Nimekuona dirishani."

Asimwe akauliza kwa Kiingereza kwa nini baba hapandi. Mlango ukafungwa.

Justin aliondoka baadaye kwa teksi bila kumuaga mtu. Waliobaki walikaa ndani ya jumba lile lenye vyumba vingi wakakusanyika kwenye chumba kimoja kama kuku siku ya mvua. Safari ya kurudi London hakuna aliyetania. Mwanamwema alisema mara moja tu, "Hapa kata kulia," na Rajab akakata kulia.

* * *

Wiki zilipita. Restuta alikwenda kazini, akarudi, akajifungia. Alimwandikia Adelina, "Uko salama?" na ujumbe ukasomwa, haukujibiwa. Aliikubali adhabu hiyo. Ila ingekuwa uongo kusema kwamba hakutumaini. Kila simu ilipoita, kuna sehemu yake iliyosimama. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na alijikuta ananunua krimu ya uso.

Jumapili moja simu ikaita, na alikuwa Justin.

"Nipo London. Nipo hapa stesheni ya kwenu, Edmonton. Unaweza kutoka?"

Walikaa kwenye mkahawa mdogo wa Mturuki, chai mbele yao, hakuna aliyekunywa. Justin alikuwa amekonda.

"Nimekaa nikajisikiliza," alianza. "Sikutaka kufanya kitu kwa hasira wala kwa huruma. Nataka nikwambie uso kwa uso, siyo kwenye simu."

Restuta akaelewa palepale. Mtu anayekuja kukuchukua hachagui maneno hivyo.

"Sema," alimwambia.

"Nilikupenda sana. Pale bustanini nilijua bado kuna kitu, na wewe ulikiona, sikatai. Siku za kwanza nilikuwa naamka nafikiria, nikija kwake itakuwaje. Halafu nikagundua kwamba ninayemfikiria ni yule msichana wa Mwanza, na yule kijana mwenye viza mfukoni. Wote wawili hawapo. Lakini jioni, nikitoka kazini, nikitaka kumsimulia mtu siku yangu ilivyokwenda, mkono unatafuta namba ya Adelina."

Restuta akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaibana leso chini ya meza.

"Umemwambia?"

"Nilimwambia jana. Akasema nije kwako kwanza, nikirudi ndipo atanijibu."

"Huyo ni mwanamke mwenye akili."

"Amelelewa na wewe." Justin akainamisha kichwa. "Nimekusamehe, Restuta. Nilitaka uondoke hapa unalijua hilo. Ila siwezi kusema haikuwa kitu. Ilikuwa maisha yangu."

"Na yangu."

"Na yako," alikubali.

Wakaagana mlangoni kwa mikono, kama watu waliomaliza mkutano. Restuta akatembea mpaka kwake huku mvua inamnyeshea, mwavuli umo ndani ya begi, hakukumbuka kuutoa.

* * *

Kadi ya mwaliko wa harusi haikuja, na hakuitegemea. Lakini siku moja kabla ya harusi Adelina alipiga simu.

"Dada."

"Abee, mdogo wangu."

"Nilikuwa nimeamua usije. Si kwa chuki. Nilisema siku ya harusi sitaki kukutazama. Sasa nimebadilisha mawazo. Usipokuja nitakuwa natazama mlangoni misa nzima, naogopa utatokea. Ukiwepo nitajua umekaa wapi."

Restuta nusura acheke.

"Unataka nikae wapi?"

"Karibu na Lata. Mbele. Nikuone." Adelina akavuta pumzi. "Na Asimwe anakuuliza kila siku. Sijui nimjibu nini."

"Nitakuja."

"Hutalia?"

"Hilo siahidi."

"Basi lia kidogo," Adelina alisema, akakata.

Kanisa lilikuwa Stratford, la matofali, katikati ya maduka na kelele za Jumamosi. Restuta alivaa gauni la kijani, akakaa kati ya Lata na Suresh. Rajab alikuwa na tai kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Adelina aliingia akiwa na Asimwe pembeni yake, na alipofika usawa wa benchi lao alimtazama Restuta, akaendelea.

Padre akafika pale ambapo huuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii aseme sasa. Kwa wengine ilikuwa desturi tu. Lata aliushika mkono wa Restuta, akaubana mpaka pete ikamuumiza. Mbele, bega la Justin lilikakamaa. Adelina peke yake ndiye aliyegeuka. Aligeuza kichwa chote, shela na kila kitu, akamtazama dada yake waziwazi mbele ya kanisa zima na akasubiri.

Restuta akamtazama naye. Alitikisa kichwa kidogo: hakuna. Na safari hii lilikuwa neno la kweli. Moyo ulikuwa unamuuma kama jeraha lililofunguliwa, lakini kizuizi hakikuwepo; hawa wawili kila mmoja alijua kila kitu kuhusu mwenzake, na walikuwa wamechaguana wakijua.

Adelina akageukia altare.

Nje, watu wakiwa wanapiga picha, Asimwe alimkimbilia Restuta akamkumbatia kiunoni, akamuuliza kwa nini haji kwao siku hizi. Adelina akafuata, ameinua gauni lisiburuzike. Walisimama wakitazamana, kisha Adelina akamrekebisha dada yake kola ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Sasa nenda nyumbani," alimwambia kwa upole. "Huko ukumbini kuna ngoma na hotuba. Usijitese. Umekaa vya kutosha."

"Asante."

"Nipe muda. Nitakuja mimi kwako. Sijui lini, ila nitakuja."

Lata na Suresh walimrudisha kwa gari. Walipofika kwenye foleni ya magari Restuta akalia, siyo kidogo kama alivyoruhusiwa, akalia mpaka mabega yakatikisika. Suresh akazima redio. Lata akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Unajuta ulimwambia Adelina?"

Restuta akajifuta uso kwa leso, akatazama nje watu wanavyotembea na mifuko yao ya manunuzi.

"Hapana. Ninachojuta ni kwamba nilichelewa miaka kumi na mitano kumjibu mtu ukweli alipouliza. Justin aliniuliza siku ile kwenye simu, Lata. Kabla sijakata. Aliniuliza, Resti, kuna nini? Aliuliza mara mbili."

Foleni ikasogea. Suresh akatia gia.

"Nami nilikuwa na dakika," Restuta alisema. "Kadi ilikuwa bado ina dakika nyingi."